Deni la Mwenye Kuuliza

Katika matendo ya kila siku hapana lionekanalo kuwa jepesi kama kuuliza. Huuliza mtoto, huuliza mgeni, huuliza hakimu. Na kwa kuwa neno halina uzito mkononi, watu wengi hudhani kwamba mwenye kuuliza hatoi kitu wala hajitwishi dhima yoyote. Nataka, msomaji, tulitazame jambo hili kwa makini zaidi, kwani liko swali moja ambalo katika zama zetu huulizwa mara kwa mara na wenye mamlaka katika miji, nalo ni hili: "Tunataka kuufanya upya mtaa wenu wa biashara, nyinyi mwaonaje?" Je, amwulizaye mwenzake swali kama hilo amejifunga kwa lolote? Au yu huru, akiisha kusikia jibu, kwenda zake na kutenda kama alivyokusudia tangu mwanzo?

Pengine utasema kuwa hili ni shauri la madiwani na wahandisi, si la mwanafunzi. Sikubaliani nawe. Wewe usomaye ukurasa huu utaishi katika mji uliopangwa na watu usiowajua. Utapita katika njia walizozichora, utalipa kodi waliyoikadiria, na siku moja huenda ukawa ndiwe uulizwaye, au, jambo lililo zito zaidi, ndiwe mwenye kuuliza.

Natuanze na mji tuujuao. Nairobi ilizaliwa na reli. Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika katika tambarare yenye maji ya baridi, na karibu na karakana na mahema ya wafanyakazi pakaota mtaa wa maduka ya Wahindi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa huo, na wakuu wa serikali ya kikoloni wakaamuru uteketezwe kwa moto. Watu walitolewa, maduka yakachomwa, na mtaa wa biashara ukaanza tena. Sipendi kuidharau hofu ya siku zile. Tauni huua, na daktari aonaye watu wanakufa hana nafasi ya kuitisha baraza. Lakini lililo dawa siku ya hatari likizoewa hugeuka kuwa desturi siku ya salama. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa Nairobi, uliotungwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ambao katika jina lake wenyewe uliuita mji huu makao makuu ya koloni. Safari hii hapakuwa na tauni. Waafrika walikuwa wengi mjini kuliko jamii nyingine yoyote, lakini ilikuwa mpaka mwaka 1957 ndipo walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mji ukapangwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao walikuwa hawaulizwi neno lolote juu ya utawala wao.

Leo mambo ni mengine, angalau katika maandishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Kifungu cha 10 chaweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 184 chataka sheria ya miji iwape wakazi nafasi katika uongozi wa miji yao. Mwaka 2011 ilitungwa sheria ya miji iliyoweka mabaraza ya wananchi kwa kusudi hilo. Wala maneno hayo hayakuachwa yalale kitabuni. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipokuwa ikitungwa. Hiyo ilikuwa sheria ya kodi na ada, yaani jambo liingialo mfukoni mwa mwenye duka na mwenye kibanda. Na mahakama ilionya kwamba ushirikishaji usiwe kivuli tu, wala usifanywe kwa kutimiza desturi.

Basi sheria imekwisha kumwamuru mwenye mamlaka aulize. Lakini sheria yaweza kumwamuru mtu afungue kinywa. Ni vigumu zaidi kumwamuru afungue sikio. Hapo ndipo sheria inapochoka na maadili yanapoanza kazi yake.

Fikiri baraza la namna hii, ambalo wengi wetu tumeliona au tumesimuliwa. Tangazo hubandikwa ukutani, au huchapwa gazetini kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara mbili. Siku iliyowekwa ni Jumatano, saa nne asubuhi, yaani saa ile ile ambayo mwenye duka hawezi kufunga na mchuuzi hawezi kuziacha bidhaa zake. Ukumbini imetundikwa picha kubwa ya mtaa ujao: miti ya kijani, viti vya kupumzikia, watu wembamba waliovaa vizuri wakitembea bila haraka, na hapana hata mkokoteni mmoja. Mtaalamu huieleza picha hiyo kwa muda wa saa nzima. Kisha watu huulizwa kama wana maswali. Watatu huinua mikono: mmoja hulalamika juu ya taka, wa pili juu ya maji, na wa tatu humshukuru mheshimiwa kwa kufika. Karatasi ya mahudhurio huzungushwa, kila mtu akaandika jina lake na kutia sahihi, soda zikagawiwa, watu wakatawanyika. Baada ya miezi sita karatasi ile ile huonekana mwishoni mwa ripoti, chini ya maneno yasemayo kwamba wananchi walishauriwa na wakauunga mkono mpango.

Sisemi kuwa mabaraza yote ni hivyo. Yako mazuri, na soda haina kosa. Lakini tulichunguze hili baya tuone ubaya wake hasa ni nini, maana si rahisi kuutaja. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyedanganywa kwa maneno. Huenda kila lililosemwa na mtaalamu lilikuwa kweli. Watu waliitwa, wakaja, wakasikia, wakaulizwa, wakatia sahihi. Kosa liko wapi?

Liko katika swali lenyewe. Mtu auulizaye umati hali jibu ameliweka tayari mfukoni hakuuliza; ameigiza kuuliza. Na kuigiza huko ni uongo, ijapokuwa hapana neno hata moja la uongo lililotamkwa. Swali lina ahadi ndani yake. Nikikuuliza njia ya kwenda sokoni, nimekuambia bila kusema kwamba siijui, au sina hakika nayo, na kwamba jibu lako laweza kuigeuza miguu yangu. Kama jibu lako haliwezi kuigeuza miguu yangu kwa vyovyote, basi nimekutumia. Nilitaka uonekane ukinielekeza, ili nikifika pabaya iwe ni wewe uliyenipeleka.

Nami nadhani kwamba mwenye kuuliza kwa hila hudhuru kuliko yule asiyeuliza kabisa. Najua kuwa maneno haya yatawashangaza wengine. Wao watasema kuwa afadhali kuulizwa nusu kuliko kutoulizwa. Lakini zingatia. Mtawala avunjaye kibanda cha mtu bila kumwuliza amemchukulia mahali pake pa riziki. Hilo ni ovu moja, na aliyetendewa anabaki na kitu kimoja mkononi, nacho ni malalamiko yake. Aweza kusimama mbele ya hakimu, au mbele ya Mungu, akasema, "Sikuulizwa." Yule aliyeulizwa kwa hila amechukuliwa mahali pake, na juu ya hapo amechukuliwa malalamiko yake pia. Akisimama kusema, ataonyeshwa sahihi yake mwenyewe katika karatasi ya mahudhurio, aambiwe, "Mbona ulikuwapo?" Kuwapo kumegeuzwa kuwa kukubali. Wala madhara hayaishii kwake. Siku ya pili, akija mtu mwaminifu akauliza kwa nia safi, ataukuta ukumbi mtupu. Kwani watu waliokwisha kuumwa na nyoka huliogopa hata jani la mgomba likitikisika.

Sasa natusikilize upande wa pili, maana hoja yao si dhaifu. Watu hawa husema hivi: mji mzuri haujengwi na umati. Umati hutaka leo. Mji hujengwa kwa miaka 100. Tazama, wasema, mji wa Paris. Kuanzia mwaka 1853 hadi mwaka 1870, chini ya mfalme Napoleon III, mkuu mmoja aliyeitwa Haussmann aliupasua mji ule wa kale kwa barabara pana zilizonyooka. Alileta maji safi, akachimba mifereji mikubwa ya maji machafu chini ya ardhi, akatengeneza bustani. Hakwenda nyumba hata nyumba akiwauliza wapangaji kama walipenda vyumba vyao vibomolewe. Na leo watu hutoka pande zote za dunia kwenda kuutazama mji ule na kuusifu. Je, angaliuliza, si angalikuwa angali akiuliza hata alipokufa?

Nakiri kwamba mfano huu una nguvu. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu mjini Paris mwaka 1832 na tena mwaka 1849, na mimi sitasimama kusema kwamba mifereji ile isingechimbwa. Lakini uangalie vizuri mfano huu, msomaji, nawe utaona kwamba una watu wawili ndani yake, na kwamba wasemaji hawa humwonyesha mmoja tu. Mmoja ni huyu atembeaye leo katika barabara zile na kufurahi. Mwingine ni yule mfanya kazi wa ujira aliyekuwa akiishi katikati ya mji, karibu na kazi yake, ambaye nyumba yake ilibomolewa, kodi ya nyumba mpya ikamshinda, akasukumwa hadi pembeni ya mji. Furaha ya huyu wa kwanza hailipi hasara ya yule wa pili. Ni watu wawili tofauti. Nikichukua shilingi yako nikampa jirani yako akanunua maua, uzuri wa maua haunifanyi nisiwe na deni kwako. Wala mimi sisemi kuwa Haussmann angaliwauliza watu mji ungalikuwa mbaya. Hilo hajui mtu, kwa sababu hawakuulizwa.

Tena wasemaji hawa hudhani kwamba kuuliza ni hisani tu ambayo mwenye maarifa humfanyia asiyenayo. Hapa pana kosa la fikira, na kosa hilo lilijibiwa zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alipokuwa akizungumza juu ya siasa, alisema kwamba kuna kazi ambazo fundi wake siye mwamuzi bora. Nyumba hujengwa na fundi, lakini ajuaye zaidi ubora wake ni yule akaaye ndani. Na karamu huihukumu vizuri zaidi mgeni aliyeila kuliko mpishi aliyeipika. Wahenga wetu walilisema jambo hilo hilo kwa ukali zaidi, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mhandisi hupima upana wa barabara, nguvu ya zege, na wingi wa magari. Mambo hayo mwuza nyanya hayajui, na akijitia kuyajua atatuletea balaa. Lakini mwuza nyanya anajua ni ukuta gani wenye kivuli saa nane mchana, na kwa hiyo ni wapi nyanya zitalala salama. Anajua maji ya mvua ya Aprili hukusanyika wapi. Anajua watu washukao katika magari jioni hupita upande gani wa njia, na kwamba ukiwahamisha hatua 50 tu, watu wale hawatapita tena mbele yake. Haya ni maarifa. Hayakuandikwa popote, hayana shahada, lakini mpango uliotungwa bila hayo una tundu.

Nairobi imekwisha kulipa gharama ya tundu kama hilo. Katika miaka ya 2000 lilijengwa soko la Muthurwa, kwa kusudi la kuwatoa wachuuzi katikati ya mji na kuwapa mahali pao. Kusudi halikuwa baya, na soko lenyewe lingali lina watu wengi. Lakini wachuuzi wengi hawakukaa. Walirudi katika barabara zile zile walizotolewa, wakarudia kukimbizana na askari. Wengine wakawaita wakaidi. Mimi sioni ukaidi hapo. Mchuuzi hafuati jengo. Hufuata miguu ya watu. Ukimjengea paa zuri mahali ambapo mnunuzi wake hapiti, umempa kivuli cha kukalia na njaa yake.

Ikiwa tumekubaliana kwamba yafaa kuuliza, lazuka swali gumu kuliko lile la kwanza: aulizwe nani? Mtaa wa biashara si kijiji cha watu wa ukoo mmoja. Yuko mwenye jengo, ambaye pengine anakaa mbali na hapo na hulitembelea jengo lake mara moja kwa mwaka. Yuko mpangaji mwenye duka. Yuko mchuuzi akaaye mbele ya duka lile lile, na ambaye mwenye duka hamtaki. Yuko hamali na mkokoteni wake, yuko utingo, yuko mama auzaye uji alfajiri kwa hamali na utingo. Yuko mnunuzi atokaye mbali, ambaye haji barazani kwa sababu hajui kama mtaa ule ni wake. Wote hawa ni watu wa mtaa, lakini hawasikiki sawasawa. Mwenye jengo jina lake limo katika daftari la ardhi, na barua humfikia. Mama wa uji hayumo katika daftari lolote. Ajuaye jina lake ni mteja wake na askari amfukuzaye.

Tena faida na hasara hazigawanyiki sawa. Mtaa ukipendeza, thamani ya jengo hupanda, na mwenyewe hupandisha kodi. Mpangaji aliyepiga makofi kwa ajili ya taa mpya za barabarani huzilipia kila mwezi, na asipoweza huondoka, akaja mwingine. Kwa hiyo kuhesabu mikono iliyoinuliwa barazani hakutoshi. Mkono wa mtu ambaye mpango ukiharibika atapoteza sehemu ya faida yake si sawa na mkono wa mtu ambaye mpango ukiharibika hana pengine pa kwenda. Mimi naona huyu wa pili ndiye wa kutafutwa kwanza, hata kama hakuja, na hasa kama hakuja. Atafutwe alipo: alfajiri, kando ya sufuria yake, kwa lugha aitumiayo kuhesabu pesa zake.

Iko mjini Nairobi barabara iitwayo Luthuli, maarufu kwa maduka ya redio na vipaza sauti. Mwaka 2019 barabara hiyo ilifanywa upya. Magari yakaachiwa upande mmoja, na njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa. Jina lake ni la Albert Luthuli, Mwafrika wa Afrika Kusini aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Naomba tulifuate jina hilo hadi katika nchi yake, kwa kuwa huko, katika mji wa Johannesburg, swali letu lilifikishwa mbele ya mahakama ya juu kabisa na likapata jibu linalofaa kusomwa.

Katikati ya Johannesburg palikuwa na majengo mengi yaliyochakaa. Wenyewe walikuwa wameyaacha, na maskini walikuwa wameingia na kukaa humo bila maji, bila taa, bila vyoo vya kutosha. Baraza la mji lilikuwa na mpango wa kuifufua sehemu ile ya biashara, na katika kuutekeleza liliwaamuru watu zaidi ya 400, waliokuwa katika majengo mawili, watoke. Likasema majengo hayo ni hatari kwa uhai wao. Na kweli yalikuwa hatari. Wakazi hawakukana. Wao walisema hivi: tukitoka hapa twende wapi? Hapa ndipo karibu na vibarua vyetu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, baada ya kusikiliza pande zote mbili, haikuharakisha hukumu. Iliwaamuru kwanza wakae pamoja na kushauriana kwa maana, kisha warudi waeleze walipofikia. Katika muda wa miezi miwili hivi walikuwa wamepatana. Hukumu kamili ilitolewa mwezi wa Februari mwaka 2008, ikaandikwa na jaji Zak Yacoob, ambaye ni kipofu tangu utotoni. Hukumu hiyo ilisema kwamba mji unaotaka kuwatoa watu nyumbani mwao, nao watabaki bila makao, hauna budi kuzungumza nao kwanza kwa uaminifu, na kuwahesabu kuwa ni watu wenye heshima na akili.

Nataka uyaone mambo waliyopatana, kwa kuwa ni madogo sana, na katika udogo wao ndimo ilimo faida ya kuuliza. Vyoo vya muda viletwe. Majengo yasafishwe. Mifuko ya taka itolewe. Vizima moto viwekwe. Shimo fulani la lifti lizibwe. Na baadaye wakazi wahamishiwe katika majengo mengine yaliyotajwa, katikati ya mji ule ule, yenye maji na umeme. Hebu litazame hilo shimo la lifti. Katika mpango mkubwa wa kuufufua mji, uliojaa ramani na hesabu, ni nani angalilikumbuka shimo moja? Alilikumbuka mtu aishiye karibu nalo, pengine mama aliyekuwa akimshika mtoto mkono kila apitapo hapo usiku bila taa. Mji ulidai kuwatoa watu wale kwa ajili ya usalama wao; walipoulizwa, ikaonekana kwamba sehemu ya usalama huo ilikuwa kuziba shimo.

Nisikudanganye lakini. Mapatano yale hayakuuponya mji. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 moto uliteketeza jengo jingine la namna hiyo katikati ya Johannesburg, jengo lililokuwa mali ya mji wenyewe, na watu zaidi ya 70 wakafa. Kuuliza mara moja, katika majengo mawili, kwa amri ya mahakama, si sawa na kuwa na tabia ya kuuliza.

Msomaji, nimesema sana juu ya deni la mwenye kuuliza, na huenda ukadhani kwamba aulizwaye yu mtakatifu. Sivyo. Yuko mfanya biashara ambaye hupinga soko jipya si kwa kuwa ni baya, bali kwa kuwa mshindani wake atapata nafasi humo. Yuko kijana aliyelipwa aje barazani kupiga makofi, au kuzomea, naye hata hajui mtaa unaozungumzwa uko wapi. Wako watu wengi ambao hawaji, hawasomi, hawaulizi, kisha hulaani. Hawa nao huuharibu mji, na sina neno la kuwatetea. Lakini mwenye mamlaka asilitumie kosa lao kuwa kisingizio. Yeye ndiye mwenye kalamu, mwenye fedha, na mwenye askari. Kwa hiyo yeye ndiye apaswaye kuanza kuwa mkweli.

Na ukweli wake hupimwa kwa mambo yaonekanayo. Je, aliuliza kabla ya wino kukauka, au baada ya mkandarasi kuleta magari yake? Je, alisema wazi ni mambo gani yaweza kubadilika na ni yapi hayawezi? Kusema "bomba hili la maji machafu lazima lipite, lakini mahali pa kupitia twaweza kujadiliana" ni uaminifu mkubwa kuliko kusema "tunakaribisha maoni yote." Na lililo kubwa, je, alirudi? Katika hili la kurudi ndipo watu wengi wanaposhindwa. Waulizaji ni wengi, warudio kwa waliowauliza na kuwaambia, "Mlisema hili, tumelikubali, mlisema na lile, hatukuliweza, na sababu yake ni hii," ni wachache mno. Mtu mzima hatarajii kupata kila atakalo. Lakini sababu anaistahili, kwa kuwa sababu hupewa mtu mwenye akili. Jiwe huondolewa njiani bila kuelezwa.

Liko neno moja zaidi, na sikupata kulimaliza moyoni mwangu. Tuseme kila kitu kimefanywa vizuri. Mama wa uji alitafutwa alfajiri, akaulizwa kwa Kiswahili, akasema. Mhandisi alisikiliza, akairudia ramani yake, akapima tena, lakini bomba halikuweza kupita pengine ila pale palipo jiko lake. Akarudi, akamweleza sababu, akamwonyesha nafasi tatu nyingine achague. Akachagua moja, karibu na kituo cha magari, na mwezi wa kwanza akaona kwamba mapato yake yamepungua. Hapa hapana hila. Hapana aliyedanganywa. Mji umepata bomba ambalo litawaokoa watoto wengi na maradhi, pengine na watoto wake yeye mwenyewe. Na yeye amepoteza kitu alichokijenga kwa miaka mingi.

Je, ana haki bado ya kulalamika? Wako watakaosema hana. Aliulizwa, akaelezwa, akachagua, shauri limekwisha. Mimi nasema anayo. Kuulizwa kwa haki hakumfanyi mtu asiumie, na wala hakumfungi kinywa. Mhandisi yule, kama aliuliza kweli, ataweza kupita asubuhi moja katika kituo kile cha magari, amwamkie mama yule, anunue kikombe cha uji, asimame hapo akinywa na kuyasikiliza malalamiko yake yote tangu mwanzo hata mwisho, bila kumwambia, "Lakini mama, si uliulizwa?"